Mbwa au Paka Asiye na Mwenyewe Akifika Kwako: Jinsi ya Kumlea kwa Muda bila Kuhatarisha Familia

Katika masoko na vituo vya magari vya Kitui na Makueni, ni jambo la kawaida kukuta watoto wa mbwa wametupwa ndani ya katoni au gunia asubuhi. Wengine huachwa nyumbani wakati familia inapohama. Paka huzalia ghalani, kisha mama yao hagongwi na gari wala haumwi na nyoka, ila anapotea tu, na watoto wakabaki wakilia. Kila mara hujitokeza mtu mwenye huruma, mara nyingi mtoto wa shule au mama anayerudi kutoka sokoni, akambeba mmoja wao hadi nyumbani.

Kumchukua mnyama wa namna hiyo, kumlisha na kumtibu hadi mwenyewe apatikane au apate nyumba ya kudumu, ndiko kunakoitwa kumlea kwa muda. Jijini Nairobi kuna makao ya wanyama waliookolewa. Yanayojulikana zaidi ni ya shirika la KSPCA huko Karen, ambalo mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1910. Kwetu vijijini, makao ya kwanza ya mnyama aliyetupwa huwa ni boma la mkazi aliyemwonea huruma.

Huruma hiyo ni njema, lakini hapa kwetu inahitaji utaratibu. Mnyama usiyejua alikotoka anaweza kuja na ugonjwa ambao hauonekani kwa macho siku unayomchukua. Makala hii inaeleza hatua za kufuata tangu unapomwona mnyama hadi siku unapomkabidhi kwa mwenye kumtunza.

Kwa nini jambo hili linahusu kaunti nzima

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama. Kazi hiyo inajumuisha kutoa leseni za mbwa na kuandaa mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za madaktari wa mifugo pia ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo ukimchukua mbwa aliyetupwa, hujaingia katika shughuli ya siri. Ofisi ya mifugo ya wadi yako inapaswa kujua, na una haki ya kuiomba ushauri.

Sababu kubwa ya kuihusisha ofisi hiyo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda, jicho au mdomo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini aliyeumwa akioshwa jeraha mara moja na kupata chanjo kwa wakati, ugonjwa huzuilika. Duniani kote, inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa.

Nchini Kenya, ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye bado upo. Serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, unaoanzia mwaka 2014 hadi 2030. Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuwa za kwanza kuutekeleza.

Nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila mbwa 100, mwaka baada ya mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa, virusi hukosa njia ya kupita kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Ugumu ni kwamba idadi hiyo haikai ilivyo. Mbwa waliochanjwa hufa, na wengine huzaliwa baada ya kampeni kupita. Kikundi cha watoto wa mbwa waliotupwa sokoni ni mbwa wasio na chanjo, wasio na mwenyewe wa kuwapeleka kuchanjwa, na wanaozurura mahali penye watu wengi. Mkazi anayemchukua mmoja wao na kumfikisha kwenye chanjo anaziba pengo hilo. Anayemchukua na kumwacha bila chanjo amelihamisha pengo kutoka sokoni hadi uani kwake.

Kabla ya kumchukua

Jiulize maswali machache, ukiwa na watu wa nyumbani kwako.

Je, kuna mtu mzima mmoja atakayekuwa na jukumu la mnyama huyu kila siku? Kazi hii isiachiwe mtoto. Je, kuna mahali pa kumtenga, kama vile kibanda, bafu lisilotumika au banda la kuku lililo tupu? Je, mbwa na paka walioko nyumbani wamechanjwa? Kama hawajachanjwa, waanze wao. Je, kama mnaishi katika nyumba ya kupanga huko Wote, Mwingi au Emali, mwenye nyumba na majirani wamekubali?

Fikirieni pia gharama. Mbwa hula kila siku, hata mwaka ambao mvua imekosekana na maji yananunuliwa kwa mtungi. Iwapo nyumba haiwezi, msaada mwingine upo: kutoa taarifa kwa ofisi ya mifugo, kumchangia jirani aliyemchukua mnyama, au kusaidia kumtafuta mwenyewe. Ni afadhali kukataa mwanzoni kuliko kumchukua mnyama na kumtupa tena baada ya mwezi.

Unapomwona mara ya kwanza

Mtazame kwa mbali kabla ya kumkaribia. Usimguse mnyama mwenye dalili hizi:

- anatoa mate mengi, au taya lake limelegea na hawezi kumeza;
- anatembea akiyumba, au miguu ya nyuma imepooza;
- anauma vitu ovyo, hata mawe na miti;
- sauti yake imebadilika, au anabweka bila sababu;
- amekuwa mpole kupita kiasi ghafla, hasa kama ni mnyama ambaye kwa kawaida huogopa watu.

Dalili hii ya mwisho husahaulika. Wengi hudhani kichaa ni ukali peke yake. Mbwa mwingine hunyamaza, hujificha gizani, na huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mtu akimhurumia na kuingiza mkono mdomoni ili autoe mfupa, anajipaka mate yenye virusi. Hali ni hiyo hiyo kwa ng'ombe, mbuzi na punda, kwani nao huambukizwa wakiumwa na mbwa mgonjwa.

Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, waondoe watoto mahali hapo, kisha mjulishe afisa wa mifugo wa wadi au chifu mara moja. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, imewekwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Kama mnyama hana dalili hizo, mkaribie polepole ukiwa umejikunja kidogo. Usimkazie macho na usimfukuze hadi pembeni. Mbwa aliyeumia huuma hata kama ni mpole. Tumia kitambaa kizito, gunia au glavu nene kumbeba. Baadaye nawa mikono kwa sabuni.

Hatua inayofuata ni kumtafuta mwenyewe. Huku kwetu mbwa wengi hawafungwi kamba. Mbwa unayemwona akizurura huenda ana boma lake kilomita moja kutoka hapo. Mjulishe mzee wa kijiji na naibu wa chifu, uliza shuleni na kanisani, na utume picha kwenye makundi ya simu ya kijiji. Kumchukua mbwa wa mtu bila kuuliza kunaweza kuleta ugomvi, hata kama nia ilikuwa njema.

Wiki za kwanza: kumtenga na kumwandikia kumbukumbu

Mnyama mgeni akae peke yake kwa angalau wiki mbili. Asichangie chombo cha maji na wanyama wengine, na asilale nao. Kuna ugonjwa wa parvo unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, na virusi vyake huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Paka naye anaweza kuleta mafua ya paka, na pia choa, ambayo huwapata watoto wa binadamu.

Mtu mmoja tu amhudumie, na akitoka kwa mnyama huyo anawe mikono na kubadilisha viatu. Watoto wamwone kwa mbali. Katika daftari andika tarehe uliyompata, mahali, hali yake, chakula anachokula, na jambo lolote lisilo la kawaida. Andika pia jina la kila mtu aliyeumwa au kukwaruzwa, hata kama ni kidogo. Daftari hilo litamsaidia daktari wa mifugo, na siku moja linaweza kumsaidia daktari wa binadamu.

Hapa pana jambo linaloeleweka vibaya na wengi. Watu wamesikia kwamba mbwa akitazamwa kwa siku 10 bila kuugua basi hana kichaa. Siku hizo 10 zina maana yake maalumu. Virusi huingia katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili kuonekana, na mbwa mwenye dalili hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo, mbwa aliyemuuma mtu akiwa bado mzima siku 10 baadaye, inamaanisha kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi.

Haimaanishi kwamba mbwa huyo hawezi kuugua baadaye. Mbwa akiumwa na mwenzake mgonjwa, virusi hujificha mwilini kwa wiki kadhaa, na mara nyingine kwa miezi kadhaa, kabla ya kumwangusha. Mbwa uliyemwokota jana huenda aliumwa mwezi uliopita. Ndiyo sababu wiki mbili za kumtenga zinasaidia kugundua magonjwa mengine, lakini uangalifu kuhusu kichaa uendelee kwa miezi kadhaa. Mabadiliko yoyote ya tabia katika kipindi hicho yaripotiwe bila kusubiri.

Chanjo, minyoo na kupe

Mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo, au umwombe afisa wa mifugo aje amwone, mapema iwezekanavyo. Kwa kawaida chanjo ya kichaa hutolewa mbwa au paka akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama kadi inavyoonyesha. Katika kampeni za chanjo za vijijini, watoto wa mbwa wa umri mdogo zaidi nao hufaa kuchanjwa. Msiwaache nyumbani kwa kudhani ni wadogo mno. Aliyechanjwa akiwa mdogo arudishwe kwa chanjo nyingine akishatimiza umri.

Chanjo haianzi kufanya kazi siku ile ile. Mwili huhitaji takriban wiki tatu hadi nne kujenga kinga. Tena, chanjo haimponyi mnyama aliyekwisha ambukizwa. Kadi ya chanjo ni ya lazima kuhifadhiwa, na atakayemchukua mnyama baadaye akabidhiwe kadi hiyo pamoja naye.

Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi. Watoto wa mbwa hupata minyoo kutoka kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo hupewa dawa kuanzia umri wa wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili hadi wafikishe miezi mitatu hivi. Mayai ya minyoo hiyo hubaki kwenye udongo, na mtoto anayecheza uani akila kwa mikono michafu huyameza. Zoa kinyesi kila siku na ukifukie mbali na bustani ya mboga.

Kuhusu kupe na viroboto, tahadhari moja ni ya lazima. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa au paka kwa kukisia kipimo. Watoto wa mbwa hudhurika, na paka huweza kufa kwa baadhi ya dawa zinazotumiwa kwa wanyama wengine, hasa zile zenye permethrini. Paka pia asipewe panadol au dawa yoyote yenye parasetamoli, hata kipande kidogo, kwani humuua. Uliza daktari wa mifugo kwanza.

Mnyama akishapata nguvu, zungumza na daktari kuhusu kumhasi au kumfunga uzazi. Mbwa jike mmoja huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Katoni za watoto wa mbwa tunazozikuta sokoni huanzia kwa jike ambaye hakuna aliyempangia uzazi.

Chakula: mahindi yenye ukungu si ya mbwa

Wakazi wa Makueni na Kitui wanakumbuka mwaka 2004. Sumukuvu, yaani aflatoksini, katika mahindi iliwapata watu 317 katika eneo hili na sehemu za jirani, na 125 kati yao walifariki. Tangu wakati huo watu wengi wamejifunza kukausha mahindi vizuri na kutokula yaliyoota ukungu. Lakini katika maboma mengine, mahindi yaliyokataliwa jikoni huishia kwenye sahani ya mbwa. Mbwa hudhurika upesi sana na sumu hiyo. Huacha kula, hutapika, macho na ufizi hugeuka manjano, kisha ini hushindwa kufanya kazi. Kuchemsha au kusaga hakuondoi sumu. Mahindi ambayo mtu hawezi kula, mbwa naye asipewe.

Ugali safi unafaa kama sehemu ya chakula, lakini ugali peke yake haumjengi mnyama. Changanya na omena zilizopikwa bila chumvi nyingi, mabaki ya nyama, yai au ndengu zilizopikwa zikaiva na kupondwa. Mnyama aliyekonda sana apewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Akishibishwa ghafla anaweza kuharisha na kuzidiwa.

Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Watoto wa paka na wa mbwa ambao hawajafungua macho ni kazi ngumu. Huhitaji maziwa maalumu ya wanyama wachanga kila saa mbili au tatu, mchana na usiku, na joto wakati wote. Maziwa ya ng'ombe matupu mara nyingi huwaharisha. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia usiku wa baridi. Wakikosa joto hawawezi kumeng'enya chakula, kwa hiyo wapashe joto kwanza, kisha uwalishe.

Usimpe mnyama vitunguu, chokoleti wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kama sindano tumboni. Matumbo na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa yasitupiwe mbwa, maana huweza kuwa na vifuko vya tegu, ambaye humrudia binadamu kupitia kinyesi cha mbwa. Maji safi yawepo muda wote, kivulini.

Akimuuma mtu

Kila nyumba inayolea mnyama ijue hatua hizi kabla hazijahitajika.

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kutoka kwenye mtungi huku mwingine akiosha. Hatua hii pekee hupunguza sana virusi.
2. Usipake pilipili, mafuta ya taa, chumvi, majivu wala majani. Usilifunge jeraha kwa kulikaza.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama mnyama ana kadi ya chanjo. Mhudumu ndiye atakayeamua. Jeraha kubwa, au lililo kichwani, shingoni au mkononi, huweza kuhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe.
4. Timiza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Kukoma baada ya sindano ya kwanza kwa sababu jeraha limekauka ni kuacha mlango wazi.
5. Mfungie mnyama mahali salama bila kumuua, ili atazamwe kwa siku 10. Akifa au akiuawa, usimzike kabla ya kumjulisha afisa wa mifugo, kwa kuwa huenda sampuli ikahitajika.

Kwa watoto kuna jambo la ziada. Mtoto aliyeumwa na mbwa aliyekatazwa kumgusa mara nyingi huficha. Anaogopa kuchapwa, au anaogopa mbwa atauawa. Wazazi na walimu wawaambie watoto mapema, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba anayesema ameumwa hataadhibiwa. Kidonda kidogo kilichofichwa chini ya soksi ya shule ndicho kinachoweza kumwua mtoto miezi miwili baadaye, wakati ambapo hakuna tiba tena.

Mnyama wa porini halelewi nyumbani

Kaunti zetu zinapakana na mbuga na misitu, na wakati wa kiangazi watu hukuta ndama wa paa, mtoto wa nyani, komba, kobe au hata ndovu mchanga aliyeachwa. Utaratibu tulioueleza hapa ni wa mbwa na paka pekee. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Nyani mdogo anayependeza hukua akawa mnyama mwenye meno makali, na akishazoea watu ni vigumu kumrudisha porini.

Taarifa ipelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wapo wataalamu wa kazi hiyo hapa hapa karibu. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust lina kituo cha Umani Springs katika Msitu wa Kibwezi, Makueni, na kingine Ithumba, kaskazini mwa Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako ndovu yatima huzoeshwa maisha ya porini hatua kwa hatua. Hata huko, lengo la walezi ni siku ambayo mnyama hatawahitaji tena. Usiondoke na mtoto wa paa kwa haraka. Mara nyingi mama yake amemficha kwenye nyasi na atarudi.

Siku ya kumkabidhi

Kulea kwa muda kuna mwisho, na mwisho huo upangwe tangu mwanzo. Kama mwenyewe hajapatikana na mnyama yu mzima, mtafutie nyumba. Anayemtaka aje mwenyewe amwone. Mwulize atalala wapi, atakula nini, na nani atamhudumia mwenye nyumba akisafiri. Anayetaka mbwa wa kufungwa kamba fupi mchana kutwa na kuachiliwa usiku ili awe mkali, hajapata jibu la ulinzi. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayewauma watoto wa jirani siku kamba inapokatika. Mbwa mzuri wa boma au wa kuchunga mbuzi ni yule anayewajua watu wake, ameshiba na amechanjwa.

Mkabidhiane mbele ya shahidi, kama vile mzee wa kijiji. Toa kadi ya chanjo na nakala ya daftari, na andika jina na namba ya simu ya anayemchukua. Baada ya mwezi mmoja, piga simu uulize hali. Mjulishe pia afisa wa mifugo kwamba mnyama amehamia kijiji gani, ili kampeni ijayo ya chanjo imkute.

Wapo wanyama ambao hawatapona au ambao ni hatari kwa watu. Uamuzi wa kumlaza mnyama kama huyo usingizi wa mwisho ni wa daktari wa mifugo, ambaye ana dawa ya kufanya hivyo bila mateso. Kuwatilia mbwa sumu au kuwapiga mawe ni hatari pia kwa mifugo, ndege na watoto, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Kuua mbwa ovyo hakujawahi kumaliza kichaa popote. Wanaouawa huchukuliwa nafasi na wengine wasio na chanjo, na pamoja nao huuawa wale waliokuwa wamechanjwa.

Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa. Mkazi hahitaji kuisubiri siku hiyo. Kama tayari una mbwa au paka uliyemwokota na hana kadi, jambo la kufanya wiki hii ni kuuliza katika ofisi ya mifugo ya wadi yako, au kwa chifu, ni lini na wapi chanjo itatolewa. Nenda na mbwa wote wa boma, akiwemo yule mgeni.